Sauti Iliyofika Dawati la Mwisho

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Mwalimu Anaeli aliniita shuleni, nami nikaenda mbio na suruali yangu ya kazini na bisibisi mfukoni. Usicheke. Mtu akiitwa na mwalimu aliyemfundisha kusoma, hata awe na ndevu, anarudi kuwa mtoto vilevile. Na ndevu nilikuwa nazo, tena nilizitunza haswa, maana nilikuwa kijana wa Kariakoo mwenye jina lake.

Kabla sijafika mbali, nikueleze kwa nini nakupa habari hii. Juzi ulipokuja dukani kwangu, ukanipa shikamoo yako nzuri, ukaniambia umepangiwa kufundisha darasa la kwanza katika shule ileile, watoto wamejaa mpaka chini ya ubao, na unataka spika kubwa kuliko zote nilizo nazo. Mimi nikaguna tu, nikasema njoo Jumamosi. Ukaondoka umenuna. Nilikuona, usikatae. Ulidhani mzee huyu ananibania. Sikukubania, mwanangu. Ni kwamba hata mimi niliwahi kupeleka spika kubwa katika darasa hilohilo, na aliyenirudi siku hiyo hayupo tena hapa mjini akurudi na wewe. Kazi hiyo imeniangukia mimi. Haya, vuta kiti.

Wakati ule nilikuwa fundi wa redio, na juu ya ufundi nilikuwa na kazi nyingine iliyonipa sifa kubwa zaidi. Siku hizi kila machinga ana kispika chake, anakibonyeza, anakisemea, kinamtangazia kutwa nzima yeye akila mihogo. Zamani hizo walikuja kwangu niwatilie sauti kwenye kanda. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mangi wa masufuria, mtu wa Rombo, duka lake likitazamana na madirisha ya shule, ng'ambo tu ya barabara. Nilimtilia hivi: "Sufuria, sufuria, sufuria za ukweli! Haziunguzi wali, hazishiki kutu! Mama njoo, dada njoo, kuangalia bure, kushika bure, kupita bila kununua ni kujipunja!" Weee! Watu walikuwa wakisimama. Biashara matangazo, ndivyo tulivyosema, na mtaa mzima ule ulitangazwa na koo langu mimi, Salumu.

Basi, nyumbani tuliishi na dada yangu Mwajuma na binti yake mmoja, Tatu. Dada alikuwa akiuza mitumba soko la Mchikichini, anatoka alfajiri, anarudi jioni miguu imevimba. Tatu alikuwa darasa la kwanza, mtoto mdogo wa mwili, mpole, sauti yake mpaka umsogelee. Na Tatu alikuwa hajui kusoma. Si kusoma tu, hata herufi alikuwa akizitazama kama wageni asiowajua. Wenzake wa mtaani walikwishaanza kusoma maandishi ya kwenye mabasi, yeye kimya. Dada akachoka. Akasema mtoto huyu hafundishiki, muhula ukiisha nampeleka Kilwa kwa bibi yake, akalishe kuku, pengine akili itamkaa.

Niliumia, mwanangu. Tatu ndiye aliyekuwa akinipokea begi nikirudi, ndiye aliyekuwa akiniwekea chai. Mimi sikuwa na mtoto bado, na yule nilimhesabu wangu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami ni mjomba tu, ningesema nini? Nikabaki nikimwomba Mungu. Ndipo nilipoitwa na Mwalimu Anaeli.

Mwalimu Anaeli alikuwa mama wa Kichaga, mrefu, kitenge chake kimenyooka, kilemba hakijawahi kupinda. Alinifundisha mimi katika darasa lilelile, enzi hizo tukiwa watoto wachache na mtaa una maduka mawili matatu. Sauti yake ninayoikumbuka ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. Alikuwa akisema "haya wanangu," nasi tunasogea wenyewe kama vifaranga. Siku ile nilipoingia darasani nilishtuka. Watoto walikuwa wamebanana hadi ukutani, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, na Mwalimu wangu anapiga kelele. Shingo imemsimama mishipa. Sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda uwanja wa mpira.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Salumu. Simama hapo usikie." Akageukia nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati la mwisho lililo chini ya dirisha. "Tatu! Simama! Mwambie mjomba wako leo tumesoma nini!"

Tatu akasimama, akatazama miguu yake. Mwalimu akapita katikati ya madawati mpaka akamfikia, akamwinamia, akamwambia kwa upole, "Basi sema chochote ulichokisikia tangu asubuhi."

Mtoto akavuta pumzi. Akaanza: "Sufuria, sufuria, sufuria za ukweli! Haziunguzi wali, hazishiki kutu! Mama njoo, dada njoo..." Akaendelea hadi mwisho, haki ya nani, na madaha yangu yote, na hata kile kikohozi changu cha katikati ambacho nilikuwa mvivu kukifuta kwenye kanda.

Darasa likaangua kicheko. Na mimi, mjinga, nikacheka nao, tena nikavimba kichwa, nikajiona mtu maarufu. Kisha nikamtazama Mwalimu. Hakuwa anacheka.

"Salumu," akasema, "umesikia? Hakusahau hata neno moja. Huyu ndiye ambaye dada yako anasema hafundishiki. Anafundishika vizuri sana. Ila mwalimu wake ni wewe."

Mwanangu, kicheko kilinikauka mdomoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kutwa nilikuwa namwombea mtoto kwa Mungu, na kutwa sauti yangu mwenyewe inaingia dirishani kumfunika mwalimu wake.

Tukatoka nje kidogo, sisi watatu. Nikachuchumaa, nikamuuliza Tatu kwa nini hamsikilizi Mwalimu. Akaninong'oneza, lakini Mwalimu alikuwa karibu akasikia: "Mwalimu anafoka, Mjomba. Kila siku ana hasira na sisi."

Nilimwona Mwalimu Anaeli akishika fremu ya mlango. Mtu aliyefundisha miaka yote ile, aliyewapenda watoto wa watu kuliko usingizi wake. Akamwambia Tatu arudi ndani, kisha akaniambia taratibu, kwa kile kisauti kilichobaki: "Sina hasira nao, mwanangu. Naita tu. Nikisema kwa sauti yangu, inawafikia wa mbele. Nikipiga kelele inawafikia wote, lakini inawafikia wameshaogopa. Na koo langu linaniambia muhula huu ndio wa mwisho. Nifanyeje?"

Nikamjibu, "Mwalimu, niachie mimi." Vijana tuna ugonjwa huo, wa kusema niachie mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana ndicho unachotaka kufanya wewe. Nilikwenda kuchukua honi ya mikutano, ile yenye mdomo kama tarumbeta, tuliyokuwa tukiifunga juu ya gari. Nikachukua amplifaya ya harusini, yenye mwangwi, unasema "karibuni" inajibu "buni, buni, buni." Nikafunga honi juu ya ubao imewatazama watoto usoni. Nikamkabidhi Mwalimu maiki kwa mikono miwili kama ninayemkabidhi zawadi ya mahari. Nikasimama mlangoni nikisubiri kushukuriwa.

Mwalimu akasema, "Ba."

Loo! Ikatoka "BA, ba, ba, ba," ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi, ikakutana na nyingine njiani. Watoto wa mbele wakaziba masikio. Wa katikati wakacheka, wakaanza kuigiza mwangwi. Mwalimu wa darasa la pili akatokea mlangoni na chaki mkononi, anauliza kuna mkutano gani. Na Tatu, yule niliyekuja kumsaidia, nikamwona ameingia chini ya dawati, analia. Kama alikuwa anadhani Mwalimu ana hasira, sasa alikuwa na hakika.

Mwalimu Anaeli akazima swichi. Hakunikaripia mbele ya watoto, alikuwa na adabu yake. Aliwapa kazi ya kuchora, akanivuta pembeni.

"Salumu, sokoni unapiga kelele kwa nini?"

"Ili anayepita asimame, Mwalimu."

"Hawa wanapita?"

Nikageuka, nikawatazama.

"Hawa hawapiti, mwanangu. Mama zao wamewaosha, wamewaleta, nao wamekaa, wananitazama mdomo. Hawahitaji kukamatwa. Wanahitaji kunisikia. Umeniletea soko ndani ya darasa, wakati nilikuomba ulitoe." Akanitazama hivi, nikajiona nina miaka saba. "Nani alikuambia wapi pa kuifunga hii honi?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeona mwenyewe."

"Umeona ukiwa umesimama wapi?"

"Hapa mbele."

"Ndiyo maana. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nenda ukakae na Tatu."

Nikaenda, mwanangu. Mimi na ndevu zangu nikajikunja kwenye dawati la mwisho, magoti yamenifika kifuani, watoto wananitazama wanaficha vicheko. Mwalimu akarudi kufundisha kwa mdomo wake, kama siku zote. Na pale ndipo nilipojifunza kazi yangu ya ufundi upya.

Alisema "pa." Mimi, mtu wa sauti, sikujua kama ni pa au ba au da. Nilijua tu kwa kuwa nilitazama ubao, na mimi kusoma najua tayari. Asiyejua atazame nini? Maneno yalikuwa yakinifikia nusunusu, mwanzo upo, mwisho umemezwa na Mangi na masufuria yake, au na benchi lililoburuzwa, au na mtoto aliyekohoa. Tatu alikuwa akimgusa jirani yake, "kasemaje?" Jirani akimjibu, neno linalofuata nalo limeshapita. Hivyo hivyo, asubuhi nzima anakimbiza maneno kama anayekimbiza basi. Kisha Mwalimu akatia utani mdogo, watoto wa mbele wakacheka, na sisi wa nyuma tukatazamana, tunaulizana wanacheka nini. Hapo moyo uliniuma kuliko pote. Nikajua Tatu hajawahi kusikia utani hata mmoja wa Mwalimu Anaeli. Alikuwa anamjua mwalimu mwingine kabisa, yule wa kelele.

Sikusema niachie mimi tena. Nilisema, "Mwalimu, nimeona. Niruhusu nianze upya."

Honi nikairudisha dukani. Nikatafuta spika ndogo mbili za redio kaseti mbovu, nikazitengenezea vijisanduku, nikazifunga kwenye kuta za pembeni, kuelekea nyuma, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa. Mwangwi nikaukata kabisa. Maiki nikaitafuta ndogo, nikaifunga kwa utepe imkae shingoni, ili mikono yake ibaki na chaki. Waya ulikuwa mrefu, ukimfuata darasani, akiuruka kama binti anayecheza kamba. Nyie wa siku hizi mna maiki zisizo na waya, hamjui raha mliyo nayo. Betri ilikuwa ya pikipiki, naichaji dukani kwangu. Dada Mwajuma, pamoja na kununa kwake, alinipa mapazia ya mitumba yaliyokosa mnunuzi, tukayatundika kwenye ukuta wa nyuma ili sauti ikifika kule itulie, isirudi kugombana na nyingine. Akasema, "Unahangaika bure, Salumu, mimi nauli ya Kilwa naiweka." Nikaendelea kupigilia misumari.

Kisha nikaenda kwa Mangi. Hapo palikuwa na kazi. "Mangi," nikamwambia, "naomba spika yako tuigeuzie upande wa pili, na asubuhi watoto wanaposoma tuipunguze." Akaniruka. "Wewe kijana vipi? Si wewe uliyenitia hiyo kanda? Unataka nife njaa?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikamwambia Tatu amekariri tangazo lake lote na hajui kusoma jina lake. Mangi alikuwa na watoto wake Rombo, akiwasomesha kwa jasho. Akakuna kichwa, akasema, "Basi igeuze." Na masufuria yakaendelea kununuliwa, nikuambie ukweli. Kizuri chajiuza.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima sauti, na hiyo Mwalimu hakuniachia mimi wala masikio yangu yaliyozoea soko. Alimwita Tatu. Akamkalisha dawati la mwisho, akamwambia, "Mimi nitasema polepole, Salumu atazungusha. Ukinisikia vizuri kama niko karibu yako, inua mkono. Ikikuumiza, ziba sikio." Darasa tupu, watoto wako mapumziko. Mwalimu akaanza kumsimulia habari ya paka wake aliyeiba dagaa. Nikazungusha kidogo. Kidogo. Kidogo tena. Mkono wa Tatu ukainuka.

"Hapo hapo, usizidishe," akasema Mwalimu. Mkono wangu wa Kariakoo ukataka kuongeza, nakuapia, ukaniwasha. Nikauzuia. Nikatoa chupa ya rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, nikatia nukta pale kwenye kitufe cha sauti, ili mtu asipite hapo. Tatu alikuwa bado ameinua mkono, anacheka habari ya paka.

Kesho yake nilisimama mlangoni nikijifanya naangalia waya. Watoto wakaingia na makelele yao. Mwalimu Anaeli hakupiga meza, hakupiga kelele. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya zamani, ya chini, "Hamjambo, wanangu?"

Darasa likatulia. Tatu akageuka nyuma. Alidhani Mwalimu amesimama nyuma yake, maana darasa likiwa limejaa hakuwahi kumsikia karibu vile. Akaona ukuta na pazia. Akageuka mbele tena, taratibu, akamtazama Mwalimu wake kama ndiyo kwanza anamwona. Na mimi pale mlangoni machozi yalinitoka, mwanangu, nikasingizia vumbi la chaki. Ilikuwa sauti ileile iliyonifundisha mimi kusoma, na nilidhani imekufa.

Jioni Tatu alinipokea begi, akaniuliza kwa makini, "Mjomba, leo Mwalimu hana hasira. Amepona?"

Asubuhi nikampelekea Mwalimu swali hilo. Alicheka, kisha akageukia ubao akafuta pasipoandikwa kitu. Akasema, "Mwambie nimepona."

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku moja. Kuna siku betri iliisha katikati ya somo, Mwalimu akarudia kelele zake, na watoto wenyewe wakaja mbio dukani kunidai nyingine. Na alikuwepo mtoto mmoja ambaye hata kwa spika alikuwa hageuki akiitwa. Mwalimu akamwita baba yake, akamshauri ampeleke hospitali kule Upanga apimwe masikio. Spika inasogeza sauti, haitibu sikio, ndivyo alivyomwambia, na yule baba alishukuru sana.

Lakini Tatu alishika. Kwanza irabu, kisha silabi, kisha akaanza kusoma magunia ya mchele pale nyumbani. Dada Mwajuma hakuamini, alisema anakariri tu, kama alivyokariri masufuria. Muhula ukafika mwisho na nauli imekamilika. Asubuhi moja dada akafunga kibanda chake, akaja shuleni na kanga yake begani kuomba ruhusa ya kumhamisha mtoto. Nilimfuata nyuma. Tukafika mlangoni wakati wa kusoma kwa zamu.

Nikuambie desturi ya Mwalimu Anaeli. Ile maiki hakuifanya yake peke yake. Wakati wa kusoma aliivua shingoni, akawa anaipitisha kwa watoto, tena alianza na wapole, wale ambao sauti zao hufa kabla hazijavuka meza. Alituona mlangoni, akajua tumefuata nini. Hakutusalimu. Alitembea mpaka dawati la mwisho, akampa Tatu maiki na kitabu.

Tatu hakutuona. Akainamia kitabu, kidole kwenye mstari. Kile kisauti chake ambacho hata nyumbani tulikuwa tukimwambia rudia, sema kwa nguvu, kikatoka kwenye kuta zote mbili, kidogo vilevile, lakini safi, kila neno na mwisho wake: "Mama... amerudi... sokoni. Mama... amechoka. Mtoto... anampa... mama... maji."

Hakuna mtoto aliyesema rudia. Darasa zima lilimsikia.

Dada yangu alijiegemeza kwenye mlango. Akaziba mdomo kwa kanga. Miaka yote ile mtoto wake alikuwa na sauti, na ndiyo kwanza anaisikia. Mwalimu akatujia, akasema kwa upole, "Karibu Mama Tatu. Nikusaidie nini?"

Dada akafuta uso. "Hapana, Mwalimu, nilikuwa napita tu." Kisha akashindwa kujizuia, akamshika Mwalimu mikono yote miwili. "Kilwa tutaenda likizo."

Ndiyo habari yenyewe, mwanangu. Tatu sasa ni mama wa watu, ana duka lake la dawa, na akiongea bado inabidi umsogelee. Mwalimu Anaeli alifundisha mpaka akastaafu, akarudi Kilimanjaro kulima ndizi zake. Ananipigia simu sikukuu zikifika. Amezeeka, lakini sauti anayo, ile ya chini, na mimi mwenye masikio yaliyokwishachoka na Kariakoo namsikia neno kwa neno.

Sasa nikupe nasaha, na usinitazame hivyo, nakaribia kumaliza. Spika kubwa sikuuzii. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo litavuma likuvunjie darasa. Nitakupa ndogo. Lakini kabla hujaifunga, nenda ukakae dawati la mwisho asubuhi moja, mwenzako afundishe, usikie anachosikia mtoto wako wa nyuma, na kisichomfikia. Dirisha linaloleta kelele uende ukaongee na mwenye kelele, kwa heshima, na ukishindwa uje unichukue, hawa wa mtaani wengi nimewalea mimi. Ukivaa maiki usipige kelele. Ukipiga kelele nayo utakuwa umewafokea watoto mara mbili. Sema kama unayesema na mtoto mmoja aliye magotini kwako, kwa sababu kila mmoja atadhani ndiye huyo, na hapo ndipo anapoacha kukuogopa na kuanza kujifunza. Wape na wao waishike, hasa wale wasiosikika. Wakifanya kazi wao kwa wao, izime, uwaache waongee. Na koo lako ulitunze, mwanangu. Wewe bado kijana unadhani halichoki. Mwalimu akikauka sauti, watoto wake ndio wanaokaukiwa.

Jumatatu nitakuja mwenyewe kuifunga. Nitakuja na chupa ya rangi ya kucha, hiyo ndiyo desturi yangu kwa kila mwalimu. Wewe utasimulia kitu mbele, mimi nitazungusha kitufe, na mtoto wako mpole kuliko wote ndiye atakayetuambia hapo panatosha. Nitafutie huyo mtoto, na mimi uniwekee nafasi karibu naye dawati la mwisho, hata kama magoti hayakunjiki tena.

Mungu akupe sauti isiyochoka, mwanangu, na watoto wasioiogopa. Akupe siku moja, ukiwa mzee kama mimi, usikie mtoto wa nyuma akisoma, na usimwambie rudia. Amina.